Tochi ya lumeni 20,000 imenipa uji mweupe: ninunue taa gani ya kupigia picha chini ya maji?

«Mtaalamu, habari za kazi. Niko Jinja, Uganda, nafanya kazi kwenye shamba la samaki wa vizimba kwenye Ziwa Victoria. Bosi anataka video za nyavu kila wiki: zilipotoboka, mwani unaoziba macho ya wavu, na sato waliokufa wakalala chini. Mimi mwenyewe napenda kupiga picha za nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye miamba, na Desemba naenda Pemba kwa shangazi, huko nitazamia baharini. Nina GoPro, ile kamera ndogo ya video, na kamera ya Olympus TG-6 yenye kasha lake la kuzamia. Nilinunua tochi ya kuzamia Kampala, imeandikwa lumeni 20,000 (kipimo cha wingi wa mwanga), nikaifunga juu ya GoPro. Video ikatoka uji mweupe mtupu, samaki hawaonekani. Muuzaji anasema niongeze tochi ya pili na kichujio chekundu, kwa sababu maji hula rangi nyekundu. Rafiki yangu anasema tochi ni mchezo wa watoto, ninunue flashi kubwa za majini niziunganishe na GoPro. Nina shilingi milioni 2. Nimsikilize nani?»

Ndugu yangu, hela kwanza zikae mfukoni. Muuzaji amekuambia jambo la kweli kuhusu maji ambayo si yako, na rafiki yako amekuambia jambo la kweli kuhusu kamera ambayo si yako. Wote wawili hawana nia mbaya. Ila ukiwafuata, milioni 2 itaisha na uji utabaki palepale.

Naona kinachokusumbua zaidi si jina la taa. Ulitoa hela ukapata mwanga, kisha mwanga wenyewe ukaharibu picha. Ungependa kujua kwa nini, ili usirudie. Basi tuanze na uji huo.

Umewahi kupanda bodaboda usiku kando ya ziwa, zile siku wadudu wadogo wa ziwani wanapopaa kama moshi? Dereva akiwasha taa kubwa haoni barabara, anaona wadudu. Barabara ipo, na mwanga unaifikia, ila wadudu walio karibu na taa wanapata mwanga mwingi zaidi na wanaurudisha machoni kabla barabara haijapata nafasi. Ndani ya ziwa wadudu hao ni mwani, udongo, mabaki ya chakula cha samaki na vinyesi vyao. Chini ya kizimba cha sato hali huwa mbaya kuliko sehemu nyingi za ziwa, kwa hiyo usijilaumu. Umeanza na mtihani mgumu.

Hesabu yake ni rahisi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, inabaki robo; ukiongezeka mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Tochi yako umeifunga juu ya lenzi. Chembe ya mwani iliyo sentimita 10 mbele ya tochi inapata mwanga mara 100 kuliko sato aliye umbali wa mita 1. Na hapo sijahesabu mwanga unaomezwa na maji njiani kwenda na kurudi. Kamera inaona chembe zinazowaka kama nyota, inapunguza mwanga ili zisiungue, na sato anazama gizani. Sasa weka tochi ya pili kama muuzaji anavyotaka. Chembe inapata mwanga mara mbili, sato naye mara mbili. Uwiano ni uleule, mia kwa moja. Umepata uji uleule, ulioongezwa sukari.

Ndiyo maana nasema tatizo lako si uhaba wa mwanga. Tatizo ni maji yaliyo kati ya lenzi na samaki, hasa yale maji ya karibu ambayo taa yako inayamulika bila faida. Kila shilingi utakayotumia iulizwe swali moja: inapunguza maji hayo, au inayawasha zaidi?

Kabla ya kununua chochote, pima maji yako. Chukua sahani nyeupe ya bati, zile zenye rangi ya kung'aa, itoboe ukingoni sehemu tatu, ifunge kamba ili ilale bapa, na ufunge jiwe chini yake. Piga fundo kwenye kamba kila baada ya nusu mita. Mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, ishushe taratibu mpaka ipotee machoni, kisha uhesabu mafundo. Njia hii si yangu. Padri mmoja Mwitaliano, Angelo Secchi, aliitumia mwaka 1865, na watu wa utafiti wa uvuvi hapo Jinja kwenu wanashusha sahani kama hiyo mpaka leo, ila yao ni nzuri zaidi. Wapiga picha wa majini nasi tuna kanuni yetu ya kienyeji: umbali wa kupiga picha usizidi sehemu moja ya tano ya umbali unaoweza kuona. Sahani ikipotea kwenye mita 1 na nusu, wewe unapiga picha kutoka sentimita 30. Zaidi ya hapo hakuna taa duniani itakayokuokoa, hata ya milioni 10.

Sentimita 30 inaonekana kama adhabu, lakini angalia inachofanya. Ukisogea kutoka mita 1 na sentimita 20 hadi sentimita 30, maji yaliyo kati yenu yamebaki robo, na mwanga unaohitaji umeshuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Umepata bure kile ambacho muuzaji alitaka kukuuzia. GoPro huona pana sana, kwa hiyo ukiwa karibu hivyo bado wavu wa kutosha unaingia kwenye picha. Ila fokasi yake imefungwa, na vitu vilivyo chini ya kama sentimita 30 huanza kufifia. Kama kazi itakudai usogee zaidi, kuna lenzi ndogo ya kubandika mbele kwa ajili ya vitu vya karibu. TG-6 haina shida hiyo, inafokasi mpaka sentimita 1.

Jambo la pili ni mahali pa taa. Itoe juu ya lenzi. Ifunge kwenye mkono wa pembeni, sentimita 40 au 50 kutoka kwenye kamera, na irudishe nyuma kidogo ili kioo cha taa kisitangulie kioo cha lenzi. Kisha usiielekeze moja kwa moja kwa samaki. Igeuze nje kidogo, mpaka samaki aguswe na ukingo tu wa duara la mwanga. Mara ya kwanza utadhani umekosea. Lakini sasa yale maji ya karibu na lenzi yako kivulini. Mwanga na macho ya kamera vinakutana palepale alipo samaki, si kabla. Nimewahi kufanya jaribio hili ufukweni Entebbe na kijana aliyekuwa na tochi kama yako, na mkono tuliutengeneza kwa bomba la maji la plastiki na vibano viwili vya hosi. Tulipiga wavu uleule, dakika ileile, taa ileile. Kwenye picha ya kwanza palikuwa na ukungu. Kwenye ya pili ungeweza kuhesabu macho ya wavu na kuona mahali uzi mmoja umelika nusu.

Kwa kazi ya bosi wako nina dawa nyingine, ambayo wazamiaji wa bandarini na polisi wanaotafuta vitu kwenye maji machafu wanaijua, ila wapiga picha wachache wanaikumbuka. Ni sanduku la maji safi. Mwambie fundi wa matangi ya samaki wa mapambo akutengenezee boksi la plastiki angavu, urefu wa sentimita 30 hivi, lenye uso bapa mbele, nyuma libane uso wa kasha la GoPro. Lijaze maji safi ya chupa, toa mapovu yote, na liwe na tundu dogo lenye kizibo juu. Unabandika uso wa boksi kwenye wavu. Sasa kamera inatazama kupitia maji ya kunywa, na maji ya ziwa yaliyobaki kati ni unene wa kidole. Kwa kuwa limejaa maji, halielei na halipondwi na kina. Mwanga uje kutoka pembeni, nje ya boksi, ukichapa wavu kwa upande. Nyuzi zilizokatika hutoa kivuli na huonekana vizuri kuliko zikimulikwa usoni. Weka GoPro kwenye mtazamo mwembamba, la sivyo utapiga picha ya kuta za boksi.

Tena sioni kwa nini uzame kila wiki kwa kazi hiyo. Chukua fimbo ndefu ya alumini, funga GoPro, taa na boksi kwenye ncha, uishushe ukiwa umesimama kwenye njia ya kizimba. Wale waliokufa chini utawaona, pembe za wavu utaziona, na hutanasa. Sato wa kizimbani wakimulikwa ghafla hukimbia kwa pamoja na kutibua uchafu wote. Washa taa ikiwa ndogo, ongeza polepole, na fanya kazi kabla ya kulishwa.

Sasa hiyo tochi yako. Lumeni 20,000 hazimo humo, na unaweza kulithibitisha bila kifaa chochote. LED nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 20,000 zinahitaji wati 200. Fungua uone betri. Kama ni ile moja nene kidogo kuliko kidole gumba, iliyoandikwa 18650, betri bora ya aina hiyo ina nishati ya wati-saa 12 au 13. Gawanya: dakika 4 hazifiki, na hapo tochi ingekuunguza mkono. Kama tochi yako inawaka kwa saa nzima kwa betri hiyo, basi inatoa lumeni 1,200 hivi. Sisemi uitupe. Lumeni 1,200 pembeni ya kamera, kwa sentimita 30, zinatosha kabisa kwa kazi ya wavu. Tatizo lake jingine ni kwamba tochi nyingi za kuzamia hutupa mwanga kwa mkuki mwembamba, katikati panaungua na pembeni ni giza. Bandika karatasi ya plastiki nyeupe iliyofifia mbele ya kioo, mwanga utapanuka. Utapoteza sehemu ya lumeni, zipotee.

Nije kwenye kichujio chekundu, maana hapa ndipo ushauri wa baharini unapopotosha watu wa ziwani. Ni kweli kwamba maji yenyewe hula nyekundu kwanza. Kwenye bahari safi, kufika mita 5 nyekundu nyingi imeshakwenda, na kinachobaki ni bluu. Lakini ziwa letu si maji matupu. Limejaa mwani, na kwenye ghuba zenye mafunjo kuna maji yaliyolowa majani yaliyooza. Tengeneza chai ya rangi nyepesi, iweke kwenye glasi, itazame dhidi ya dirisha. Bluu iko wapi? Imeliwa. Kilichopita ni manjano na nyekundu. Ziwa liko hivyohivyo: rangi inayotangulia kufa ni bluu, na kadiri maji yanavyochafuka ndivyo mwanga wa chini unavyoelekea kwenye kijani, manjano, hata rangi ya machungwa. Ukiweka kichujio chekundu unazuia ule mwanga wa kijani uliobaki, ambao ndio mtaji wako wote. Picha itakuwa nyeusi, kisha kamera itahangaika na kukupa chengachenga.

Samaki wenyewe wanalijua hili kuliko wauzaji. Upande wa Tanzania kuna furu, ndugu wa nkejje zenu, wawili wanaofanana sana: dume mmoja ni wa bluu na anakaa juu, mwingine ni mwekundu na anakaa chini zaidi, kule ambako mwanga uliobaki una wekundu. Huyo mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba maji ya ziwa yanapochafuka, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na aina za samaki zinapungua kwa sababu hiyo. Nikikumbuka hilo huwa naona picha ya nkejje mwenye rangi zake kamili kama ushahidi fulani hivi. Lakini hayo ni yangu.

Kwa hiyo ziwani, kichujio ukiache. Tafuta taa yenye mwanga wa joto kidogo, kelvini 4,000 hadi 5,000. Zile nyeupe zinazoelekea bluu, kelvini 6,500, unalipia rangi ambayo maji yataila njiani. Na uliza kipimo cha uaminifu wa rangi, kile kinachoandikwa CRI. 90 au zaidi ni nzuri, tochi za bei rahisi huwa 70 na ndizo zinazompa sangara rangi ya majivu. Kisha rekebisha weupe kwenye kamera kwa kupiga ile sahani yako nyeupe ukiwa chini, taa ikiwa inawaka. Sahani hiyo itakufaa kuliko vitu vingi utakavyouziwa.

Rafiki yako naye. Anaposema flashi inashinda tochi kwa picha za mnato, ana haki, tena kwa mbali. Chukua taa ya video ya lumeni 2,500. Ukipiga picha kwa sekunde 1/125, kamera imepokea kazi ya lumeni 20 kwa sekunde moja. Flashi ya jouli 60 (jouli ni kipimo cha nishati), kwa kadirio la lumeni 40 za sekunde moja kwa kila jouli, inatupa kazi ya lumeni 2,400 kwa sekunde moja, yote ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ni zaidi ya mara mia. Hata ukitoa hasara ya kioo na kiakisi, bado ni makumi. Na kwa kuwa inamwaga mwanga wote kwa kitu kama sehemu ya elfu ya sekunde, inamgandisha nkejje anayegeuka, hata mkono wako ukitetemeka.

Ila GoPro haiwezi kutumia flashi. Haina flashi yake ndani, haina waya wala tundu la kuambia flashi «sasa», na husoma picha mstari baada ya mstari. Flashi ikiwaka kwa bahati, itaangaza mistari michache tu, utapata picha yenye mshipi mweupe katikati. Na kwa video flashi haina kazi kabisa. Kamera ya flashi unayo, ni TG-6. Flashi yake ndogo inapowaka ndani ya kasha, mwanga unasafiri kwenye kebo ya nyuzi za kioo hadi kwenye flashi kubwa, nayo inaona na kujibu. Hakuna umeme unaopita, kwa hiyo hakuna pa maji kuingilia. Hakikisha tu flashi unayonunua inaweza kuruka kile kimweko cha awali ambacho kamera ndogo hutoa kabla ya kimweko cha picha. Isipoweza, itawaka mapema na picha itatoka nyeusi, halafu utailaumu bure.

Basi milioni 2 tuigawe vipi? Mimi ningefanya hivi. Mkono wa pembeni, vibano, boksi la maji na fimbo kwa kazi ya bosi, na kwa kweli bosi ndiye alipie. Kisha taa moja ya video kutoka kampuni inayojulikana, lumeni 2,000 hadi 3,000 za kweli, CRI 90, duara la mwanga nyuzi 100 au zaidi ndani ya maji. Angalia neno «ndani ya maji», kwa sababu taa yenye kioo bapa inayotoa nyuzi 120 hewani hushuka hadi chini ya 90 ikizama. Maji hukunja mwanga. Taa hiyo itachukua sehemu kubwa ya hela yako. Flashi mpya nzuri ingeweza kuchukua zote peke yake, na mbili hazinunuliki kwa bajeti hii. Kwa hiyo flashi ikodi Pemba au Unguja kwenye kituo cha kuzamia kinachokodisha vifaa vya picha. Andika mapema uwaulize kama wanayo na kama inashika kwenye kasha la TG-6. Ukiipenda, nunua mwakani iliyotumika kutoka kwa mtu utakayemwona uso. Kama moyo wako uko kwenye picha za nkejje kuliko video, geuza mpango: nunua flashi, baki na tochi ya sasa kama taa ya kufokasia. Sitakukataza.

Pemba sheria zinageuka. Maji ni ya bluu na unaona mbali, kwa hiyo kichujio chekundu cha muuzaji hatimaye kina kazi: kati ya mita 5 na 15, jua likiwa mgongoni kwako, GoPro bila taa yoyote. Ukiwasha taa, kivue, la sivyo samaki wa karibu watatoka kama wamepakwa nyanya. Na flashi moja inatosha kwa vitu vidogo. Ile mikono mirefu ya pande mbili ni kwa mandhari pana ya matumbawe.

Kuna jambo la safari ambalo watu wa nyanda za juu hatuambiwi. Ukifunga kasha au kifuniko cha betri hapa, kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, umefungia hewa nyepesi ndani. Ukifika pwani, hewa nzito ya nje inakikandamiza kifuniko na hakifunguki. Nimeona mtu akikichokonoa kwa kisu cha mkate. Safiri na vifuniko vikiwa wazi, mipira ya oringi ikiwa imetolewa na kuwekwa kwenye mfuko safi. Betri za lithiamu za akiba zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, kila moja isizidi wati-saa 100.

Hizo oringi, tafadhali, zitazame kila mara chini ya mwanga kabla ya kufunga, zipake grisi ya silikoni kidogo tu. Mimi flashi yangu ya kwanza niliipoteza kwa uzi mmoja wa taulo la kijani, mfupi kuliko ukope, uliolala juu ya mpira wa kifuniko. Nilipanda juu nikaona maji yanacheza ndani ya kioo kama kwenye kipimo cha fundi seremala. Ikikutokea, usifungue ukiwa umeikabili. Betri zilizoloa hutoa gesi, na kifuniko huweza kuruka; kielekeze upande usio na mtu. Halafu usiibomoe mwenyewe. Ndani ya flashi kuna kapasita inayoshika karibu volti 300 hata ikiwa imezimwa, na hiyo ni kazi ya fundi wa kamera mwenye kuijua, ana kwa ana. Betri ya lithiamu iliyolowa au iliyovimba usiichaji tena, hata ikikauka.

Mwisho kuhusu mwili wako. Kama hujawahi kupata mafunzo ya kuzamia kwa mtungi, hakuna taa inayokuhusu bado. Tafuta mwalimu mwenye leseni kwanza. Ukiyapata, jua kwamba majedwali ya kawaida ya kuzamia yanahitaji kurekebishwa kuanzia mita 300 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko mara tatu ya hapo na zaidi. Kompyuta ya kuzamia iwekwe kwenye hali ya mwinuko, na mwalimu akuonyeshe, usisome tu kwenye kijitabu. Karibu na vizimba usizame peke yako, na uwe na kikata kamba unachoweza kukifikia kwa mkono wowote. Ukimaliza siku zako za Pemba, subiri angalau saa 18 baada ya mbizi ya mwisho kabla ya kupanda ndege. Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kuzamia, hapo usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie umetoka kuzamia. Na kwa kuwa unaingia ziwani kila wiki, pita kituo cha afya upimwe kichocho, uwaeleze kazi yako. Kuhusu mamba, waulize wavuvi wa ufuo huo, wanajua leo kuliko mimi.

Anza na sahani. Ukishapata idadi ya mafundo ya asubuhi na ya jioni, pale kizimbani na kule kwenye miamba ya nkejje, niandikie tena kabla hujalipia taa. Huenda kwenye miamba ukaona mbali mara mbili, na hapo hesabu ya flashi inabadilika.